Chupa ya Mti Tuliyoiuza Kanombe

Mwaka 1994 ulipokuwa ukielekea ukingoni, mama na mimi tulirudi Rwanda. Nasema tulirudi kwa kuwa ndivyo kila mtu alivyosema. Mimi nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi. Nilisoma huko, nikajifunza ushonaji huko, na huko huko tukamzika baba. Kinyarwanda nilikizungumza ndani ya nyumba yetu, na Kiswahili kila mahali pengine.

Tulipanda lori lililojaa magodoro, mbuzi na watu wa familia nyingi. Mimi nilikumbatia kichwa cha cherehani yangu. Miguu yake ya chuma ilifungwa kwa kamba nyuma ya lori. Mama alikumbatia chupa ya mti.

Naiita chupa kwa kukosa jina jingine. Ilichongwa kutoka kipande kimoja cha mti, nyeusi kwa moshi na kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Tumbo lake lilikuwa kama papai changa, na shingo yake nyembamba isingepitisha zaidi ya kidole kimoja. Shingoni mlikuwa na kizibo cha mti ule ule, kilichozama na kushikana nayo hata usijue kimoja kinaishia wapi. Haikuwa na kitako cha kukalia. Chini ilichongoka kidogo, kwa hiyo ukiiweka mezani ililala ubavu. Mabegani ilikuwa na masikio mawili ya kupitishia kamba. Ukiitikisa, kitu kilisogea ndani. Hakikulia kama maji wala kama mbegu. Kilisogea tu, kwa uzito, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Mama aliipata alipokuwa bibi harusi. Nyumba za kilimani kwao baba zilipoanza kuchomwa, miaka mingi kabla sijazaliwa, mama mkwe wake alimwita chumbani, akaitungua chupa ile ukutani juu ya kitanda, akampa.

"Shika hii," alimwambia. "Tangulieni, sisi tutawafuata."

Mama alikuwa mkwe mpya, na mkwe mpya haulizi maswali. Akaifunga kifuani kwa nguo, wakatembea yeye na baba mpaka mto Akagera, wakavuka. Bibi hakufuata. Baba alikuwa na mdogo wake ambaye hakutaka kuacha shamba, na bibi akabaki kwa huyo. Baadaye tulipata habari kwamba amefia hapo hapo kilimani, kwa uzee.

Nilipokuwa mtoto nilimuuliza baba chupa ile ni ya nini. "Ni ya mama," alijibu, akaendelea kunoa jembe. Nilidhani ananificha. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba naye hakujua. Karagwe watu walikisia kila mtu la kwake. Mmoja alisema ni ya asali, lakini asali gani ingetoka kwenye shingo ile? Mwingine alisema ilibeba siagi ya kumpaka bi harusi. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kihaya, aliishika, akaitikisa karibu na sikio, akairudisha haraka na kusema hiyo ni dawa, na dawa ya mtu haifunguliwi na mwingine. Mama aliwasikiliza wote, akaipangusa vumbi, akairudisha msumarini. Hatukuwahi kuifungua. Haikukatazwa, hakuna tu aliyefikia hatua hiyo.

Kigali tulifikia Kanombe, kwa binamu yake mama, ambaye mumewe alikuwa mwanajeshi. Walitupa chumba cha uani. Ndege za misaada zilitua na kuruka mchana kutwa, na kila moja ilipopita mabati ya paa yalitetemeka, nasi tulinyamaza katikati ya sentensi, tukasubiri, tukaendelea. Baada ya siku chache hatukugundua tena kwamba tunanyamaza.

Mtaani hapakuwa na mbwa. Niliambiwa walipigwa risasi. Sikuuliza kwa nini, na nilipokuja kujua kwamba walikuwa wakila maiti sikushtuka. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo miezi ile, na sijui kuieleza vizuri. Haikuwa huzuni. Huzuni naijua, niliionja alipofariki baba. Hii ilikuwa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, haukuambii kitu. Kila asubuhi nilikwenda Kimironko. Soko siku hizo lilikuwa meza na maturubai, si hili la leo lenye paa. Niliweka cherehani yangu karibu na wanawake waliouza maharage, nikashona. Nilipunguza suruali za wanajeshi, nilibadilisha zipu, niligeuza kola. Watu walinisimulia mambo huku nikiwapima kiuno. Niliwajibu "pole" nikiwa na pini mdomoni.

Mama hakuwa na haraka ya kwenda kilimani kwao baba. Alisema tusubiri mvua ipungue. Mvua ikapungua, akasema tusubiri nguo zake zikauke. Mwishowe asubuhi moja nilimkuta amekwisha kuvaa gauni la kanisani, amejitanda, amekaa kitandani ananisubiri.

Kilima chenyewe kiko upande wa Batsinda. Siku hizi kumejengwa nyumba nyingi za bei nafuu, lakini wakati ule kulikuwa na migomba, mihogo na njia za miguu. Mama, ambaye alikuwa hajapita huko tangu ujana wake, hakuuliza njia. Alitangulia, mimi nikafuata mgongo wake.

Nyumba ilikuwa imesimama kuta tupu. Mabati yaling'olewa, milango, madirisha, hata mawe ya jikoni. Majani yalikuwa yameota sebuleni. Bibi mmoja mzee, jirani wa ng'ambo ya kijito, alituona akaja akijikokota na fimbo. Mama alipomwambia ni nani, alimshika mkono, hakuuachia. Akatupeleka nyuma ya nyumba, akatuonyesha pale lilipokuwa shimo la choo, sasa limefunikwa udongo.

"Wako hapo," alisema. "Shemeji yako, mkewe na vijana wao. Waliowaua walifanya haraka kufukia."

Nilitazama udongo. Palikuwa na mmea wa boga umetambaa juu yake, una maua ya njano. Nilifikiri: boga hili litazaa. Hicho ndicho nilichofikiri.

"Wote?" mama aliuliza.

"Amebaki msichana. Anakaa jikoni kwangu."

Tukaenda huko. Aliketi kwenye kigoda karibu na majivu, msichana mkubwa wa umri wa kumaliza sekondari, amevaa sweta la kiume ingawa jua lilikuwa kali. Mama alijitambulisha, akamwambia yeye ni mke wa baba yake mkubwa, na mimi ni dada yake. Yule msichana hakusimama. Alimwangalia mama, akasema, kwa Kinyarwanda kile cha kwao, taratibu:

"Wewe ndiye uliyeondoka na chupa."

Mama alikaa chini, pale pale mlangoni, na gauni lake la kanisani.

"Nani alikwambia habari za chupa?"

"Baba. Alisema bibi alikuwa akimuuliza kila mtu aliyetoka Tanzania. Mpaka anakufa."

"Alikuwa akiuliza nini, mwanangu?"

"Kama mmeifungua."

"Aliuliza akitaka tuwe tumeifungua, au akiogopa?"

"Sijui, mama mkubwa. Baba hakusema. Nafikiri naye hakujua."

Mama akamwomba aje kukaa nasi. Alikusanya vitu vyake, vilivyoenea katika mfuko mmoja, akamuaga yule bibi mzee kwa kumkumbatia, akatufuata hadi Kanombe.

Alikuwa mgeni rahisi. Aliosha vyombo kabla hujamaliza kula. Alilala upande wa ukutani na alikaa akiwa ameegemea ukuta, kila mara akiutazama mlango. Aliongea akiulizwa, akajibu kile alichoulizwa tu. Mimi na yeye tulifanana katika hilo, nikaona hatusumbuani. Mama ndiye aliyehangaika. Alianza kusema juu ya mbao. Asubuhi mbao, mchana mbao. Alitaka kuwatoa wale watu katika shimo la choo na kuwalaza ndani ya masanduku, juu ya kilima, karibu na kaburi la bibi. Alitaka nguo nyeupe, mpya, isiyowahi kuvaliwa na mtu. Alitaka vijana wa kuchimba, na vijana wanaochimba hula. Na miezi ile mbao Kigali zilikuwa kama dhahabu. Kila aliye hai alitaka mlango, na kila aliye hai alikuwa na mtu wa kuzika.

"Nitauza cherehani," nilisema.

"Cherehani ndiyo inatulisha. Tukishawazika tutakula nini, udongo?"

Alisimama kwenye kitanda, akaitungua chupa, kwa maana hata Kanombe aliipigia msumari siku ile ile tuliyofika. Akaenda kuketi mkekani karibu na yule msichana, akamwekea chupa mapajani.

"Hii si yangu," alimwambia. "Bibi yako alinishikisha tu. Sasa wewe ndiye uliyebaki kule nyumbani, ni yako. Mjini kuna watu wananunua vitu vya zamani. Nikiiuza nitawalaza baba yako na mama yako ndani ya mbao, na kaka zako. Ukisema nisiiuze, sitaiuza, na sitakulaumu."

Msichana aliishika kwa mikono miwili. Hakuitikisa, ingawa kila mtu aliyepata kuishika aliitikisa. Alipitisha kidole gumba kwenye masikio yale mawili.

"Iuze," alisema.

"Hutaki tuifungue kwanza?"

"Hapana."

Akamrudishia mama, akaenda kuchota maji.

Kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege palikuwa na Mkongo mmoja aliyebadilisha fedha na kuuza sigara moja moja. Kila dereva wa magari ya misaada alimjua. Nilikuwa nimewahi kumshonea mfuko wa ndani wa koti, mfuko wa siri, kwa hiyo aliniamini kidogo. Nilimweleza. Kesho yake akaja kuiona, akaigeuza geuza.

"Dada, hii kitu iko ya nini?"

"Hatujui."

"Aa, usiseme vile mbele ya muzungu! Kitu yenye haina kazi, haina bei." Alifikiri, akatabasamu. "Tutasema iko ya mwami. Mwami alikuwa anaweka sumu ndani. Akikasirikia mutu, anamupa kidogo. Wazungu wanapenda sana sumu."

"Sema unachotaka," nilimjibu. Kweli sikujali. Kama angesema ni ya Musa wa Biblia ningemwambia sawa.

Mnunuzi alikuja mchana, siku ya Jumamosi, na pikapu nyeupe. Alikuwa mzungu wa makamo, mwembamba, mwenye ngozi iliyobabuka puani. Alifanya kazi na ndege zilizoleta unga na mafuta ya kula, na akipata nafasi alinunua vikapu, mikuki, vigoda. Sikutarajia Kiswahili chake. Alikuwa amekaa Tanzania miaka kadhaa, na alikizungumza polepole, kila neno limenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni.

Mama alishangaa, hata akasahau kusimama. Tangu tuondoke Karagwe hakuna aliyemwamkia hivyo. "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Chumba kilikuwa kidogo. Mzungu alipewa kiti pekee, Mkongo akasimama mlangoni, mama na mimi tukaketi kitandani, na yule msichana, mdogo wangu, nilikuwa nimeanza kumwita hivyo, akaegemea ukuta wake. Chupa ilikuwa mezani juu ya kitambaa, imelala ubavu. Mzungu aliomba ruhusa kabla ya kuigusa. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaichungulia kwa kioo kidogo cha kukuzia, akainusa shingoni, akaitikisa. Kitu kikasogea ndani. Uso wake ukabadilika.

"Kuna nini ndani?"

"Patron," Mkongo aliingilia, akimwita bosi kwa Kifaransa, "hii iko ya mwami. Mwami wa zamani sana. Ndani iko sumu ya..."

"Si kweli," mama alisema.

Mkongo alimkazia macho. Mama hakumtazama.

"Si ya mfalme, baba. Sisi tulikuwa watu wa kulima na ng'ombe wachache. Ilitundikwa juu ya kitanda cha mama mkwe wangu. Alinipa nikimbie nayo, nimekimbia nayo. Ni ya nini, sijui. Kuna nini ndani, sijui. Na aliyejua amekufa."

"Hamjawahi kuifungua?"

"Hapana."

Mzungu aliweka vidole kwenye kizibo, akajaribu kukizungusha, pole pole. Niliona mdogo wangu ameacha kutazama mlango. Sasa alitazama vidole vile. Kizibo hakikusogea. Mzungu akaongeza nguvu kidogo, halafu akaacha.

"Nikilazimisha itapasuka," alisema. "Nimeona vyombo vingi vya maziwa vya huku, vya mti. Hiki si cha maziwa. Inawezekana ni cha baruti, lakini sidhani. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Alitaja bei. Mkongo aliguna, maana ilikuwa chini ya ile waliyoizungumza barabarani, lakini ilitosha mbao na nguo na kuwalisha wachimbaji, na mama alitikisa kichwa kukubali bila kuomba nyongeza. Mzungu akatoa pochi. Halafu, nadhani kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za watoto, akaniuliza:

"Mtanunua nini, dada? Cherehani ya pili?"

"Mbao," nilisema.

"Mnajenga?"

"Za masanduku."

Hakuelewa mara moja. "Masanduku ya nguo?"

"Ya maiti. Baba mdogo na watu wake wako kwenye shimo la choo Batsinda. Huyu ni binti yao."

Nilisema hivyo kwa sauti ile ile ninayotumia kumwambia mteja aje Alhamisi. Ndege moja ilipita, mabati yakatetemeka, wote tukasubiri. Ilipokwisha, mzungu alikuwa ameinamisha kichwa. Pua yake iliyobabuka ilikuwa nyekundu zaidi. Akahesabu noti, akaziweka mezani, kisha akaisukuma chupa taratibu kuelekea kwa mama.

"Mama, chukua fedha. Na kitu chako baki nacho. Mimi siwezi kukichukua."

Mkongo alishusha pumzi kwa furaha, akaanza kumshukuru Mungu kwa Kifaransa. Nami nilifikiri: vizuri, tumepata vyote viwili. Nilikwisha kunyoosha mkono.

"Ngoja," mama aliniambia. Akamgeukia mgeni. Sikuwahi kumsikia akizungumza na mzungu kwa sauti ile. Alizungumza naye kama na kijana wa nyumbani aliyekosea.

"Mwanangu, umeniamkia vizuri, una adabu. Sasa nisikilize. Ukinipa fedha hizi bure, ni sadaka. Sadaka nimekula miaka mingi, unga wa sadaka, mablanketi ya sadaka, siikatai. Lakini wale hawatazikwa kwa sadaka ya mpita njia. Walitupwa kama takataka. Nataka wazikwe kwa kitu cha kwao, kilichotoka nyumbani kwao. Chukua chupa, au chukua fedha zako."

"Lakini, mama, ni ya familia yenu. Ni kitu pekee..."

"Ndiyo maana."

Mzungu alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumsaidia. Aliyesogea ni mdogo wangu. Aliondoka ukutani kwake, akaichukua chupa mezani, akaenda mpaka mbele ya kiti cha mzungu, akapiga goti kidogo jinsi wasichana wa kwao wanavyompa mkubwa kitu, mkono wa kushoto ukiwa umeshika mkono wa kulia, akamnyooshea. Alibaki hivyo. Mkono wake hakuushusha.

Mzungu akaipokea.

"Nikija kuifungua," alisema alipokuwa anatoka, "nitawaletea habari."

"Ukitaka kuifungua," mama alimjibu, "piga hodi kwanza."

Pikapu iliondoka. Mkongo alichukua chake, akalalamika kidogo kwamba sisi watu wa Tanzania hatujui biashara, akaenda zake. Nilitazama msumari ukutani. Nilisubiri kusikia kitu moyoni, kama mtu anavyosubiri maji kwenye bomba baada ya kulifungulia, na nilisikia upepo tu. Nikaenda kununua mkaa. Habari za yule mzungu hatukuzipata tena. Alihamishwa, au mkataba wake uliisha, sijui. Kama aliifungua, anajua yeye.

Kuwatoa sitasimulia. Nitasema kwamba mdogo wangu alikataa kukaa mbali. Alimtambua baba yake kwa mkanda, na mama yake kwa kitambaa, na kaka zake kwa meno na kwa viatu. Alitaja mmoja mmoja, bila kulia, na vijana waliochimba walivua kofia kila alipotaja. Nguo nyeupe nilizishona mimi, sokoni, kati ya suruali za wateja. Nilipindia pindo zote mara mbili, ingawa hakuna atakayeziona. Hilo najivunia mpaka leo: pindo zilinyooka.

Padri hakupatikana, parokia nzima alibaki mmoja na alikuwa akizunguka vilimani bila kupumzika. Alikuja katekista, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma alichosoma. Majirani walikuja. Wengine walisimama mbali, chini ya migomba, hawakusogea wala hawakuondoka. Mama aliwaona. Alimwambia yule bibi mzee wa ng'ambo ya kijito awapelekee nao chakula, na bibi akaenda na sahani, na baadhi yao wakala na baadhi hawakuthubutu. Sikumuuliza mama kwa nini alifanya hivyo. Nadhani aliona aibu kuwa na msiba na watu wasile.

Udongo ulipokuwa unarudishwa, mama alilia kwa sauti, kilio cha tangu ujana wake. Mdogo wangu alimshika kiunoni asianguke. Mimi nilikuwa nikitazama ukingo wa kanga ya mtu aliyesimama mbele yangu, uzi umechomoza, na nilitamani sana kuukata.

Baada ya mazishi mama alilala siku nzima, akaamka akaomba chai, akanywa, akalala tena. Mdogo wangu alianza kunifuata Kimironko. Sikumwita; nilipofunga mlango asubuhi nikamkuta barabarani ananisubiri, amevaa lile sweta. Alikaa nyuma yangu, akiegemea gunia la maharage la mama jirani badala ya ukuta, akanifumulia mishono ya zamani kwa wembe. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo.

Siku moja alikuja mwanamke mmoja na sketi ya kupunguza. Nilimweleza kwa Kinyarwanda nitakavyoipunguza, na kwa lafudhi yangu ya Karagwe neno moja likatoka vibaya. Mwanamke akacheka, akaniigiza kwa sauti, akawaambia wenzake wasikie huyu anavyosema. Nilikuwa nimezoea, nilinyoosha mkono kuchukua sketi. Nyuma yangu, bila kuinua kichwa kwenye mshono alioufumua, mdogo wangu alilitamka lile neno kama linavyotakiwa kutamkwa. Halafu akaongeza:

"Ni dada yangu. Amekulia Tanzania. Kama unataka wa kumcheka, tafuta fundi mwingine."

Mwanamke akavua mkanda ili nimpime. Nikampima. Mdogo wangu akaendelea kufumua.

Mvua ilinyesha kabla ya saa sita, tukavuta cherehani ndani zaidi chini ya turubai, na mama wa maharage akasogeza magunia yake kutupisha. Karibu yetu mtu alikuwa akichoma mahindi. Harufu ilitufikia pamoja na moshi, na tumbo langu likanguruma kwa nguvu hata mdogo wangu akasikia. Tangu tuvuke mpaka pale Rusumo nilikuwa nakula kwa sababu saa ya kula imefika. Siku ile nilikuwa na njaa. Nilinunua hindi moja, tukalivunja katikati, nikampa upande uliokuwa mkubwa, akanirudishia, nikamwambia asinisumbue, akala.